Mkato Mwekundu Daftarini

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Tuliseme mapema ili lisitusumbue mbele. Hata leo ukimuuliza mwenyewe atakubali, ingawa atakubali huku anaangalia pembeni.

Alikuwa mstaafu wa miaka sitini na sita. Kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupiga chapa. Kazi yake ilikuwa kusoma prufu. Prufu ni karatasi ya majaribio, inayotolewa kabla kitu hakijachapwa chenyewe. Yeye aliisoma neno kwa neno. Penye kosa alitia alama kwa kalamu nyekundu. Alisoma kalenda, kadi za harusi na matangazo ya vifo. Aliyeoa na aliyekufa, wote walipita chini ya kalamu yake. Ndiyo maana mtaani walimwita Mzee Mkato, kwa ajili ya kile kialama kidogo kinachowekwa kati ya maneno ili msomaji apumue.

Kustaafu alistaafu. Kalamu haikustaafu. Ilikaa mfukoni mwa shati, upande wa moyo. Likibandikwa tangazo ngazini kwamba maji yatakatika, yeye hakuuliza maji yatakatika lini. Alisahihisha tangazo kwanza. Siku ya pili alishangaa bomba limekauka.

Na nyumbani, mkewe alipozungumza, alimsahihisha.

"Viatu vya mjukuu imechakaa," mke alisema.

"Vimechakaa."

"Haya, vimechakaa."

Basi. Sarufi ilipona, mazungumzo yakafa. Mjukuu aliendelea kutembea na viatu vyake vya kucheka.

Mke alikuwa na miaka sitini na mmoja. Watu walisema ni mwanamke wa maneno machache. Si kweli. Alizaliwa na maneno mengi kama mtu mwingine yeyote. Yalipunguzwa nyumbani, moja moja.

Ndipo siku moja likaonekana tangazo kwenye mlango wa maktaba ya mtaa. Lilisema hivi: "Wenye miaka hamsini na mitano na kuendelea, njooni Alhamisi saa tatu asubuhi. Tutasimulia na kuandika. Hakuna ada. Asiyejua kuandika aje na mdomo wake."

Mzee Mkato alilisoma, hakuona kosa, akaondoka na huzuni. Mkewe alilisoma, akaenda.

Baada ya wiki tatu alianza kubadilika. Alicheka peke yake jikoni. Alisimama katikati ya kufagia, akaandika kitu kwenye kiganja cha mkono. Alhamisi aliamka mapema, akavaa gauni la kutokea, akatoka na daftari lenye jalada la kijani. Akirudi alikuwa na uso wa mtu aliyepewa habari njema.

"Mnafanya nini huko?" mumewe aliuliza.

"Tunasimulia."

"Mnasimulia nini?"

"Mambo."

Wivu haukuingia kwa kubisha hodi. Uliingia kama moshi. Huuoni, unakohoa tu.

Jumatano moja mke alikwenda sokoni. Daftari la kijani lilibaki juu ya friji. Mzee Mkato alikwenda jikoni kunywa maji. Mkono wake ulikuwa unatafuta glasi. Hivyo ndivyo alivyojitetea baadaye. Lakini glasi zilikuwa kabatini, na kila mtu katika nyumba ile anajua.

Alifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Akasoma:

"Alikuwa mweusi wa kung'aa. Kiuno chembamba, mabega mazuri. Kila asubuhi alinisubiri chini ya dirisha. Kila Jumamosi nilimpaka mafuta mwenyewe taratibu kila kiungo. Nikimgusa kwa mguu alianza kuimba. Watoto wetu walipata usingizi kwa sauti yake. Mume wangu alikuwa kazini, hakumjali. Siku alipoondoka sikusema neno. Niliingia jikoni nikamenya vitunguu ambavyo sikuvihitaji."

Mzee Mkato alikaa juu ya ndoo. Ndoo ilikuwa na maji. Hakuona.

Watoto wetu! Kwa sauti yake!

Hata hivyo alikuwa mtu wa kazi ya makini. Hakutaka kumhukumu mtu bure. Akaanza kuchunguza kama alivyochunguza prufu. Je, huenda ni redio? Hapana. Redio ingekuwa "ilinisubiri". Kiti je? Kiti kingekuwa "kilinisubiri". Hapa pameandikwa "alinisubiri". A! A ni ya mtu. Au ya mnyama. Akafikiri juu ya paka. Lakini paka hana mabega mazuri, na hajapata kuonekana paka anayepakwa mafuta kila Jumamosi.

Basi ni mtu. Sarufi haidanganyi.

Alisoma tena ule mstari uliomuuma kuliko yote: "nilimpaka mafuta mwenyewe taratibu kila kiungo." Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakuna mume mwingine mwenye wivu angelifanya. Aliona pamekosekana mkato. Akachomoa kalamu nyekundu mfukoni. Akauweka baada ya "taratibu". Mstari sasa ulisomeka vizuri zaidi. Na uliuma vizuri zaidi.

Akalirudisha daftari juu ya friji, akateremka ngazi na suruali iliyolowa, hadi kwa kinyozi.

Kinyozi alikuwa na duka la kiti kimoja na masikio mawili. Habari za mtaa zilipita hapo kabla ya kufika kwa wenyewe.

"Mzee, mbona umelowa?"

"Niache. Nikuulize. Unamjua mtu mweusi wa kung'aa, kiuno chembamba, anayekwenda maktaba?"

Kinyozi aliacha kukung'uta kitambaa. "Muuguzi mstaafu," alisema. "Yule mwenye kichwa kisicho na unywele mmoja. Alikuwa anakuja hapa kila Jumamosi, namnyoa, nampaka mafuta. Mwezi wa pili huu haji."

"Jumamosi?"

"Jumamosi."

"Sasa anapakwa wapi?"

"Mimi sijui, mzee wangu. Mimi kinyozi tu." Akainama sikioni. "Lakini wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako."

Mkewe Jumamosi zote alishinda nyumbani, mbele ya macho yake, akifua na kupiga pasi. Mtu aliyesoma prufu za kalenda angelikumbuka hilo. Lakini wivu hauna kalenda.

Alhamisi alimwacha mkewe atangulie. Kisha akamfuata kwa mbali, akijificha nyuma ya magari yaliyoegeshwa. Watu wanne walimsalimia kwa sauti kubwa.

Maktaba ilikuwa na chumba cha nyuma kilichokuwa zamani ghala la magazeti. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na viti tisa vilivyopangwa duara. Mzee Mkato alisimama nje ya mlango, karibu na rafu ya vitabu vya kilimo. Akachukua kitabu cha ufugaji wa nyuki, akajifunika nacho uso. Alikishika kichwa chini miguu juu.

Mkutubi, mwanamke wa miaka arobaini hivi, ndiye aliyeongoza kikundi.

"Wazee wangu, nani anaanza leo?"

"Aanze mama," alisema muuguzi mstaafu. Kichwa chake kiling'aa kweli. "Tumesubiri wiki nzima kumsikia mpenzi wake."

Wote wakacheka. Mke naye akacheka! Mzee Mkato alikunja kitabu cha nyuki kama gazeti.

Mke alisimama. Akafungua daftari. Akafungua mdomo asome. Akaufunga.

"Kuna nini, mama?" mkutubi aliuliza.

"Kuna mkato."

"Mkato?"

"Mwekundu. Si wangu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nyumbani kwetu kalamu nyekundu ni moja tu."

Hapo Mzee Mkato hakuweza tena. Akajitosa ndani na kitabu cha nyuki mkononi.

"Nimeuweka mimi! Na ulitakiwa! Sasa niambie, huyu mwanaume ni nani?" Hakungoja jibu. Alimgeukia muuguzi. "Ni wewe! Sema mbele za watu, nani anakupaka mafuta Jumamosi?"

Muuguzi alishika kichwa chake. "Mimi? Binti yangu, kaka. Mikono yangu siku hizi inatetemeka, na mimi mwenyewe natetemeka. Naogopa wembe wa kinyozi. Kwani kuna tatizo?"

Kisha bibi mmoja mnene, aliyeuza magazeti maisha yake yote, akapiga kofi pajani.

"Jamani! Mzee amekuja kufumania cherehani!"

Chumba kikalipuka. Kuna aliyecheka hadi miwani ikaanguka.

"Cherehani?" Mzee Mkato alisema. "Cherehani gani? Cherehani haiwezi kuwa 'a'. Cherehani ilisubiri! Hapa pameandikwa alisubiri! Mimi nimesoma prufu miaka thelathini na moja!"

Mtu anazama, bado anasahihisha maji.

Mkutubi hakucheka. Alimvutia kiti. "Karibu ukae, baba. Ngoja nikueleze. Wiki iliyopita niliwapa zoezi. Nilisema, chagueni kitu kimoja kilichowahi kuwa cha thamani kwenu, na sasa hakipo. Kiandikeni kana kwamba ni mtu. Kivisheni 'a'. Yule ameandika birika, huyu ameandika baiskeli. Mama ameandika cherehani yake ya kukanyaga kwa mguu."

"Lakini si sarufi!"

"Si sarufi, ni hadithi. Na wahenga walitutangulia. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Anayekula mara nyingi ni mtu, tena jirani. Lakini wamemvisha 'ki', kama kisahani. Wao walimfanya mtu kitu, wakatia ukali. Sisi tumefanya kitu mtu, tukatia mapenzi."

Mzee Mkato aliukumbuka ukurasa mzima. Mweusi wa kung'aa. Kiuno chembamba. Chini ya dirisha. Mafuta ya Jumamosi. Mguu. Sauti usiku watoto walipokuwa wadogo. Akaiona cherehani pale ilipokaa zaidi ya miaka thelathini, akajiona na yeye akipita kando yake kila siku, na koti mkononi.

Alimgeukia mkewe acheke naye. Mkewe hakuwa anacheka.

"Nilidhani hapa hapana kalamu nyekundu," mke alisema. Akafunga daftari. "Samahanini wenzangu. Sisomi. Na Alhamisi ijayo msiniwekee kiti."

Akatoka. Viatu vyake vilisikika hadi mlango wa nje.

Kicheko kilikufa. Bibi wa magazeti alimtazama Mzee Mkato kama mtu anavyotazama gazeti lililolowa.

"Umefurahi?" aliuliza. "Mwenzetu alikaa wiki nne hapa bila kutoa neno. Nne! Akija, anakaa, anatabasamu, anaondoka. Ya tano ndiyo akasema. Umekuja wewe na nyuki wako."

Kikao kilipokwisha, Mzee Mkato alibaki. Alisaidia kupanga viti. Hakuna aliyemwomba.

"Dada," alimwambia mkutubi, "nimeharibu."

"Umeharibu, baba."

Alitegemea aambiwe si sana.

"Kwani hizi hadithi zina nini?" aliuliza. "Mimi nilidhani ni mchezo wa kupitisha muda."

Mkutubi alikaa. "Mtu akistaafu, mwili unapumzika. Maneno hayapumziki. Yamejaa humo. Watoto wamehama, rafiki wengine wamezikwa. Atamwambia nani? Wengine wanayaacha yaoze ndani. Sisi hapa si hospitali, haturudishi ujana. Lakini nimeona mtu asiyetoka nyumbani akianza kutoka. Nimeona mtu aliyesema hana la kusimulia akijaza madaftari mawili. Na wanaosikiliza wananufaika zaidi, maana jambo lililomkuta mmoja hapa, limemkuta na mwenzake."

"Na nyie mnawafundisha vipi bila kuwasahihisha?"

"Tunauliza. Mtu akisema, tunanyamaza mpaka amalize. Kisha tunauliza kitu kidogo alichokitaja. Kilikuwa na rangi gani? Ulikishika vipi? Halafu tunauliza, ikawaje? Neno hilo moja lina kazi kubwa kuliko kalamu yako. Makosa ya maandishi tunayaangalia mwisho kabisa, mwenyewe akiomba. Na daftari la mtu halifunguliwi ila kwa ruhusa yake. Hata kama ni mke. Hasa kama ni mke."

Muuguzi alikuwa mlangoni, anavaa kofia kwa shida. "Kaka," alisema, "mimi nimechoma sindano watu wengi. Nikupe siri. Usimwambie mgonjwa kwamba haiumi. Muulize inauma wapi."

Njiani Mzee Mkato alitunga hotuba ya kuomba radhi. Ilikuwa nzuri, ina mwanzo, kati na mwisho. Alipofika nyumbani aliitoa yote. Alieleza habari za ngeli. Alieleza habari za paka. Mkewe alikuwa anapanga vyombo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya." Akaendelea kupanga.

Ijumaa nyumba ilikuwa kimya kama ofisi siku ya sikukuu. Daftari la kijani halikuwa juu ya friji. Lilikuwa kwenye pipa la takataka, chini ya maganda ya viazi. Mzee Mkato aliliona. Akalitoa, akalifuta kwa kitambaa. Halikufunguka mikononi mwake, alilishika kama mtu anavyoshika kitoto cha ndege. Akaliweka juu ya mto wa mkewe.

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Alijua mkewe hatupi kitu. Hutunza hata vifungo vya mashati yaliyochanika. Akitupa, amemaliza.

Jumamosi asubuhi mke alikaa jikoni kumenya vitunguu. Mzee Mkato alivuta kiti, akakaa mbele yake. Kisha akauliza swali moja.

"Siku ile vilikuwa vingapi?"

Mke aliinua macho. "Nini?"

"Vitunguu. Siku ilipoondoka cherehani."

Kisu kilisimama.

"Vilikuwa saba," mke alisema.

"Ulivipikia nini?"

"Sikupika. Niliwapa majirani."

Alitaka kusema pole. Alitaka kusema mengi. Akakumbuka, akauliza, "Ikawaje?"

Mke alimtazama kwa shaka, kama anayetazama bei kabla ya kununua. Kisha akaanza. Alisema kidogo kidogo, na kisu kikiendelea. Alisema jinsi alivyoinunua kwa jasho lake kabla hawajaoana. Alishona sare za shule za mtaa mzima. Mwaka ule kiwanda kilipofungwa miezi mitano, waliokula walikula kwa cherehani. Alikuwa anazungumza nayo. Akiwa na furaha alikanyaga haraka, akiwa na hasira alikanyaga haraka zaidi. Ndipo mumewe akastaafu. Akataka nafasi ya kuweka meza yake ya kuandikia. Akamwita mdogo wake, wakaibeba wawili. Ukumbini pakawekwa meza.

"Na vile vitambaa zote, na nyuzi, na mkasi wangu, vyote ilikwenda," mke alisema.

Ulimi wa Mzee Mkato uliinuka. Akaubana kwa meno.

Mke aliona. "Sema. Ni 'vyote vilikwenda'. Sema tu."

"Sina neno. Ikawaje?"

"Ikawa hivyo. Ukarudi ukaniambia, sasa nyumba ina nafasi."

Mzee Mkato alikumbuka kwamba alisema hivyo. Tena alikuwa amepanua mikono.

"Kwa nini hukuniambia kitu?" aliuliza. "Miaka sita!"

"Ningeanza kusema, ungenisahihisha katikati. Mtu hawezi kulia huku anasahihishwa."

Vitunguu vilikuwa vingi mezani. Yeye hakuwa anamenya, lakini macho yake yalilowa kuliko ya mmenyaji.

"Naweza kwenda kwa mdogo wangu nikaidai," alisema.

"Ameshaikata. Miguu yake ameigeuza meza ya dukani, kichwa kimekwenda kwenye chuma chakavu. Sitaki meza. Nataka mtu anisikilize mpaka mwisho."

"Basi rudi Alhamisi. Mimi nikibaki nyumbani, nibaki. Ukitaka nije, nitakaa kimya."

"Utakaa kimya wewe?"

"Nitajaribu."

Mke alifikiri hadi kitunguu kikaisha. "Utakaa mbali na mimi," alisema.

Alhamisi walikwenda wote wawili. Kiti cha mke kilikuwepo. Hakuna aliyekuwa amekiondoa. Mke alisoma habari za cherehani mwanzo hadi mwisho, na alipofika kwenye vitunguu bibi wa magazeti alitoa leso. Mumewe alikaa upande wa pili wa duara, mikono chini ya mapaja.

Mkutubi alimpa kazi. "Baba, mikono ya muuguzi inatetemeka, hawezi kushika kalamu. Yeye atasema, wewe utaandika. Lakini utaandika anavyosema, si unavyopenda wewe."

Ilikuwa adhabu na zawadi kwa pamoja. Kalamu nyekundu aliiacha nyumbani, akapewa penseli. Muuguzi alianza kusimulia habari za mtoto aliyekataa sindano mpaka mwanasesere wake achomwe kwanza.

"Nikamchoma mwanasesere," muuguzi alisema. "Mtoto akasema, hajalia, hajaumwa, mchome tena. Nikamchoma tena. Yule mwanasesere nikamchoma masindano saba."

Penseli ilisita. Masindano? Mzee Mkato alimeza mate. Akaandika "masindano". Dunia haikuanguka. Na kwa kweli, kwa mtoto yule, yalikuwa masindano.

"Ikawaje?" aliuliza. Na safari hii aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

Kwa wiki nyingi walikaa hivyo, yule aliyemwonea wivu na yeye, magoti yakigusana. Lakini wivu ni kama mende. Ukiua mmoja jikoni, mwingine yuko sebuleni. Mzee Mkato aliona kila mtu ana jambo lake, yeye ana makosa ya watu tu. Akalalamika kwa mkutubi.

"Basi tuandikie kosa," mkutubi alisema. "Hakuna hata moja lililokupita?"

Lilikuwepo. Hakuwahi kulitaja popote. Mwaka wake wa pili kazini alipitisha kadi za harusi mia tatu zenye jina la dada wa bibi harusi badala ya bibi harusi mwenyewe. Aliandika mistari tisa, ikamchukua mwezi. Aliposoma alitetemeka kuliko muuguzi. Bibi wa magazeti akauliza, "Sasa aliyeolewa ni yupi?" na wote wakacheka, naye akacheka. Mkewe, kutoka upande wa pili wa duara, akasema, "Ikawaje?" Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza hivyo. Usiku ule aliirudia hadithi nzima nyumbani, na nusu yake nyingine ambayo hakuwa ameiandika.

Mwisho wa mwaka kikundi kilikusanya hadithi kumi na mbili. Kikatoa nakala, kikazibana kwa pini, zikawekwa maktaba. Ndipo Mzee Mkato alipoombwa rasmi asahihishe. Kila mwenye hadithi alikaa naye, na kila alama aliiombea ruhusa. Siku ya kusoma hadharani walikuja watu wengi, kinyozi akiwemo. Alimsikia muuguzi, akaona haya kwa yale aliyomsingizia dukani, akaahidi kumnyoa nyumbani kwake. Wiki iliyofuata viti vya duara vikawa kumi na vinne.

Na nyumbani kwa Mzee Mkato chakula kilianza kupoa mezani, kwa sababu watu wawili walikuwa wanazungumza. Viatu vya mjukuu vilinunuliwa. Mkewe aliposema jambo, lilifika mwisho wake.

Tukisema wivu ulikwisha tutakuwa tumedanganya. Alasiri moja mke alikuwa kibarazani anaandika. Mumewe alimzunguka mara tatu, akijifanya anakagua maua.

"Naomba ruhusa niulize," alisema.

"Uliza."

"Leo unaandika nini?"

"Kiatu. Kile kilichosombwa na mvua tulipokuwa wachumba."

"Kiatu." Alivuta pumzi. "Sikiliza, mama watoto. Umeandika cherehani. Umeandika redio iliyoungua. Umeandika jino la mtoto. Sasa unaandika kiatu, tena kimoja, tena cha kushoto! Mimi mumeo wa miaka arobaini sina hata ukurasa wangu. Kwenye cherehani nimo mstari mmoja, nako niko kazini! Nimeshindwa na kiatu mimi? Kimenizidi nini?"

Mke hakuinua kichwa. Alimaliza neno alilokuwa akiliandika, akaweka nukta.

"Mimi naandika vilivyoondoka, baba watoto. Wewe unakwenda wapi?"